Durban: Pafu Kwanza, Figo Baadaye

Mwaka 1997 mkazi mmoja wa Durban mwenye umri wa miaka 41, Thiagraj Soobramoney, alikwenda mahakamani kudai mashine. Figo zake zilikuwa zimeacha kufanya kazi, alikuwa na kisukari na ugonjwa wa moyo, na fedha za kusafishia damu katika hospitali binafsi zilikuwa zimemwishia. Addington, hospitali ya serikali iliyoko ufukweni, ilikuwa na mashine 20 za kusafisha damu, na baadhi yake zilikuwa zimechakaa. Kila mgonjwa alihitaji saa nne kwenye mashine, kisha saa mbili nyingine zilipita ikioshwa kabla ya kumpokea mwenzake. Hospitali ikajiwekea utaratibu: anayepokelewa ni yule anayefaa kupandikizwa figo, na mwenye moyo mgonjwa hafai. Tarehe 27 Novemba 1997 Mahakama ya Katiba, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Arthur Chaskalson, ilisema hospitali haikuvunja Katiba. Soobramoney alifariki muda mfupi baada ya hapo.

Kilomita chache kutoka Addington, juu kwenye kilima cha Berea, ipo hospitali binafsi ya St Augustine's. Huko, kati ya 2001 na 2003, figo zilipatikana. Wagonjwa kutoka Israeli walisafiri hadi Durban kupandikizwa figo za watu waliotajwa kwenye hati kuwa ni ndugu zao. Hawakuwa ndugu. Mwanzoni wauzaji walikuwa Waisraeli wenzao, baadaye wakatafutwa Waromania na Wabrazil maskini, wengi wa hao wa mwisho wakitoka vitongoji vya Recife, kwa sababu waliridhika na malipo madogo zaidi. Novemba 2010 Netcare KwaZulu, kampuni tanzu ya Netcare, mmiliki wa hospitali hiyo, ilikiri mashtaka 102 mbele ya mahakama ya Durban, yakiwemo yanayohusu figo za vijana watano ambao hawakuwa wametimiza umri wa utu uzima. Ilitozwa jumla ya karibu randi milioni 7.8. Kesi dhidi ya madaktari ilisitishwa moja kwa moja mwaka 2012.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba hayo ni ya Durban tu. Aprili 2025 Wizara ya Afya ya Kenya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali ya Mediheal, Eldoret, kutokana na tuhuma za biashara ya viungo, tuhuma ambazo hospitali imezikana. Palipo na foleni ndefu na watu wenye njaa, dalali hakosi.

Kila anayezungumzia teknolojia ya kuchapa seli hai huahidi kwamba foleni hiyo itakwisha. Utachukuliwa seli zako mwenyewe, zitazidishwa maabara, zitachanganywa na jeli, mashine itazipanga tabaka juu ya tabaka, na figo mpya itatoka bila kumkata mtu yeyote. Ni ahadi njema. Lakini nina wajibu wa kusema waziwazi kile ambacho sisi tunaofuatilia kazi hii tunakijua: figo ya namna hiyo haipo, haikaribii kuwepo, na mgonjwa asiambiwe aisubiri. Faida ya kuchapa seli kwa watu wa Durban, na kwa watu wa Mombasa, Mwanza na Bukavu, iko kwingine, na tayari inaonekana. Iko kwenye vipande vidogo vya tishu ambavyo havitawekwa mwilini mwa mtu.

Tuanze na kazi yenyewe. Mwaka 2003 Thomas Boland wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alichukua printa ya kawaida ya wino, akaisafisha, akajaza seli hai na protini mahali pa wino. Seli zilipita kwenye matundu membamba na nyingi zikatoka hai. Printa nyingi za leo hazirushi matone. Zinafanya kama mpaka hina anayebonyeza koni: jeli yenye seli inasukumwa kupitia sindano butu, uzi mwembamba unatandazwa juu ya kioo, kisha uzi mwingine unapita juu yake. Jeli ikiwa nyepesi, umbo linaporomoka kabla tabaka la tatu halijawekwa. Ikiwa nzito, msukumo unazibana seli ndani ya sindano na kuzipasua utando. Fundi wa kazi hii hutumia muda mwingi kutafuta uzito ulio katikati, na akiupata hurudia majaribio yote kwa seli za aina nyingine, kwa kuwa seli za ini hazivumilii kile kinachovumiliwa na seli za gegedu.

Jeli inayopendwa sana ni alijineti, inayotoka kwenye mwani wa kahawia. Ikidondoshwa kwenye maji yenye madini ya kalsiamu huganda papo hapo bila kuziumiza seli. Inafaa kukumbuka kwamba mwani mwekundu ambao wanawake wa Paje na Jambiani wamekuwa wakiulima tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hutoa karajini, na aina yake ya kapa, inayotokana na mwani wa kotonii, imejaribiwa na watafiti kadhaa kama wino wa seli. Mkulima wa Unguja huuza mwani mkavu kwa kilo, kwa bei ya chini mno. Jeli iliyosafishwa kwa kiwango cha maabara huuzwa kwa gramu. Sijui kwa nini vyuo vyetu vya pwani havijaichukua kazi hiyo ya kusafisha kama yao.

Kikwazo kikuu ni damu. Seli iliyo hai inahitaji mshipa mwembamba wa damu usiokuwa mbali nayo kuliko sehemu moja au mbili za kumi za milimita. Ikikaa mbali zaidi, oksijeni haifiki, na seli inakufa kwa saa chache. Ndiyo maana vitu vilivyofanikiwa ni vyembamba au havina mahitaji makubwa: ngozi, gegedu, kibofu cha mkojo. Anthony Atala na wenzake walichapisha mwaka 2006 habari za wagonjwa saba waliopewa vibofu vilivyojengwa kwa seli zao wenyewe, ingawa zile zilipandwa kwa mkono wala si kwa printa. Mwaka 2022 kampuni ya 3DBio ilitangaza kwamba msichana mzaliwa wa Mexico amewekewa sikio la nje lililochapwa kwa seli za gegedu zake. Gegedu haina mishipa ya damu, na ndiyo siri ya mafanikio yale.

Figo ni jambo jingine kabisa. Figo moja ina vichujio takriban milioni moja, kila kimoja kikiwa na fundo la mishipa ya damu na mrija wake wenye sehemu zenye kazi tofauti. Figo mbili hupokea karibu lita moja ya damu kila dakika na kuchuja kama lita 180 za maji kwa siku, ambazo karibu zote hurudishwa mwilini. Mwaka 2011 Atala alisimama jukwaani Marekani akaonyesha kitu kilichochapwa chenye umbo la figo. Magazeti mengi yaliandika kwamba figo imechapwa. Ilikuwa na umbo tu. Kazi ya figo haikuwamo. Aprili 2019 Tal Dvir wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alionyesha moyo wa ukubwa wa moyo wa sungura, wenye vyumba na mishipa mikubwa, uliochapwa kwa seli za binadamu. Seli zake ziliweza kujikaza, lakini hazikuweza kusukuma damu kwa pamoja. Mwaka huohuo Jordan Miller wa Chuo Kikuu cha Rice alichapa kifuko cha hewa cha jeli kilichozungukwa na mishipa, na chembe nyekundu za damu zikachukua oksijeni humo. Hiyo ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote tatu, kwa sababu ilishughulika na kikwazo chenyewe badala ya umbo.

Kuna gharama ya kuahidi kupita uwezo, na Mwafrika wa Mashariki ameilipa kwa uhai wake. Juni 2011, katika Hospitali ya Karolinska, Stockholm, daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mwanafunzi wa jiolojia kutoka Eritrea, aliyekuwa akisoma Iceland, bomba la hewa la plastiki lililopakwa seli za uboho wake. Bomba hilo halikuchapwa kwa printa, lakini ahadi ilikuwa ileile: seli zako zitakigeuza kitu cha kiwandani kuwa kiungo chako. Hazikukigeuza. Kijana yule alifariki Januari 2014. Wagonjwa wote watatu waliofanyiwa upasuaji huo Stockholm wamefariki. Jarida la Lancet lilifuta makala za daktari huyo mwaka 2018, na Juni 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Waliopiga kelele mapema ni madaktari wenzake, na kwa muda mrefu wao ndio waliosumbuliwa na uongozi. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mgonjwa anayetoka mbali, asiye na ukoo karibu wala pasipoti yenye nguvu, ndiye anayekubali haraka kuwa wa kwanza.

Sasa turudi Durban, maana hapo pana kazi ambayo haijapata vichwa vikubwa vya habari na inastahili.

KwaZulu-Natal inaijua TB kwa namna ambayo mikoa michache duniani inaijua. Mwaka 2005 na 2006, katika hospitali ndogo ya Tugela Ferry, walipatikana wagonjwa 53 wenye TB sugu kwa karibu kila dawa iliyokuwepo. Walifariki 52. Taasisi ya Utafiti wa Afya Afrika, inayojulikana kwa kifupi AHRI, ina maabara zake ndani ya eneo la shule ya udaktari ya Nelson R. Mandela, Durban. Watafiti wake wamejenga ushirikiano na madaktari wa upasuaji wa kifua wa hospitali za Inkosi Albert Luthuli na King Dinuzulu. Wapo watu wanaopona TB lakini sehemu ya pafu imeharibika kiasi kwamba wanakohoa damu, na dawa haisaidii tena. Sehemu hiyo hukatwa. Mgonjwa akiridhia, kipande kinachotolewa hakitupwi, kinapelekwa maabara kikiwa bado na seli hai.

Mwaka 2021 kundi la Adrie Steyn wa AHRI lilitoa picha za vipande hivyo zilizopigwa kwa mashine ya eksirei inayoona vitu vidogo mno. Kwa zaidi ya miaka mia vitabu vimechora uvimbe wa TB kama tufe dogo, kwa kuwa tulikuwa tukiuona kwenye kipande kimoja chembamba chini ya hadubini. Picha zile zilionyesha kwamba uvimbe mwingi si tufe. Una matawi, unaingia huku na kutokea kule, na yale yaliyoonekana kuwa matufe mengi yaliyotengana mara nyingine ni kitu kimoja kinachoendelea. Kwa anayetaka kujenga tishu ya TB maabara, habari hiyo ina thamani kuliko printa mpya. Huwezi kuchapa kitu ambacho hujui umbo lake.

Halafu kuna vipunje. Suwan Jayasinghe wa London alibuni njia ya kunyunyizia seli hai kwa nguvu ya umeme, ndugu wa karibu wa kuchapa. Liku Tezera, Paul Elkington na wenzao wa Chuo Kikuu cha Southampton waliitumia kwa TB. Walichukua chembe nyeupe za damu ya binadamu, wakaziambukiza bakteria wa TB, wakazichanganya na alijineti na kolajeni, wakazirusha kwa umeme ndani ya maji ya kalsiamu. Zikaganda vipunje vyenye upana usiofika milimita moja. Upana huo una maana: ni mdogo kiasi kwamba oksijeni inafika ndani bila mshipa. Ndani ya kila kipunje seli zinakusanyana, zinapigana na bakteria, na zinaishi kwa wiki kadhaa.

Vipunje vinatufundisha nini? Chukua pirazinamaidi. Mgonjwa wa TB wa kawaida, awe Temeke, Kibera au Umlazi kule Durban, huimeza kwa miezi miwili ya kwanza ya matibabu. Ni dawa iliyosaidia kufupisha tiba hadi miezi sita. Ajabu ni kwamba ukiitia kwenye chupa ya kawaida ya kuoteshea bakteria, haiwaui. Kama tungeitafuta leo kwa vipimo hivyo vya chupa, tungeitupa. Mwaka 2017 kundi la Southampton lilionyesha kwamba ndani ya vipunje, pamoja na seli za binadamu, inaua. Jiulize ni dawa ngapi nzuri zimetupwa na viwanda kwa sababu zilijaribiwa mahali pasipofanana na pafu.

Mfano wa pili unaigusa Durban moja kwa moja. Zipo dawa mpya za saratani zinazoondoa breki kwenye kinga ya mwili, breki inayoitwa PD-1. Baadhi ya waliotibiwa nazo waliamka na TB iliyokuwa imelala ndani yao kwa miaka. Kwa nini kinga iliyoongezewa nguvu ishindwe na bakteria? Mtafiti mwadilifu hawezi kumwambukiza mtu ili apate jibu. Katika makala iliyotoka 2020, breki hiyo ilizibwa ndani ya vipunje, na bakteria wakakua haraka zaidi. Sababu ilikuwa kemikali ya uvimbe iitwayo TNF kuzidi kiasi. Ilipodhibitiwa, ukuaji ule ulipungua. Miongoni mwa waandishi yumo Alasdair Leslie wa AHRI, na yumo Paul Ogongo, mtafiti Mkenya aliyefanya kazi Durban kwenye maabara hizo na baadaye akachapisha utafiti muhimu kuhusu chembe za kinga zinazoishi ndani ya pafu la mgonjwa wa TB. Hospitali zetu zinapoanza kutumia dawa hizo za saratani, katika nchi ambazo watu wengi wana TB iliyolala, jibu hilo litaamua nani apimwe TB kabla ya sindano ya kwanza.

Baada ya pafu ninaiweka ngozi, wala siioni kuwa jambo dogo. Katika vibanda vya Durban, kama vile Kennedy Road ambako vuguvugu la Abahlali baseMjondolo lilizaliwa mwaka 2005, jiko la mafuta ya taa likipinduka usiku moto unapita ukuta kwa ukuta. Anayefikishwa wodi ya majeraha ya moto hutibiwa kwa kukatwa ngozi nyembamba pajani au mgongoni, ikatobolewa kama wavu ili itanuke, ikawekwa kwenye kidonda. Mtoto aliyeungua zaidi ya nusu ya mwili hana pa kukatwa. Mwaka 2012 mtoto wa namna hiyo aliokolewa Johannesburg kwa ngozi iliyokuzwa kutokana na seli zake, ila ilikuzwa Boston na kuletwa kwa ndege. Ni njia waliyoianzisha Howard Green na James Rheinwald mwaka 1975. Ilikuwa imepita miaka 37, na bado bara hili lilikuwa likiisubiri kwenye uwanja wa ndege!

Hapa teknolojia iko karibu. Fiona Wood wa Perth, Australia, amekuwa akiwanyunyizia wagonjwa seli za ngozi zao wenyewe tangu kabla ya milipuko ya mabomu ya Bali ya 2002. Mwaka 2018 watafiti wa Toronto walionyesha kifaa cha mkononi chenye uzito usiofika kilo moja kinachotandaza ukanda wa jeli yenye seli juu ya kidonda. Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg, kina kundi la Yahya Choonara linaloshughulikia jeli na uchapaji wa tishu. Kitu kinachokosekana kwa Durban si wazo. Ni chumba safi cha kukuzia seli ndani ya hospitali ya serikali, mafundi wa kukihudumia usiku na mchana, na umeme usiokatika, kwa kuwa kikuzio cha seli kikipoa kwa usiku mmoja kazi ya wiki tatu inamwagwa. Nikipewa fedha leo nichague kati ya printa ya kifahari na chumba hicho, ningechagua chumba.

Kuhusu figo, dawa inayofanya kazi leo inajulikana: kudhibiti kisukari na shinikizo la damu kabla havijaziharibu, kuongeza mashine, na watu kukubali viungo vyao vitumike wanapofariki. Muhimbili ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Novemba 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma ikafuata 2018, na figo hizo zilitoka kwa ndugu walio hai. Familia zetu hazijazungumza vya kutosha kuhusu kutoa kiungo baada ya kifo. Waziri au mwekezaji akisema printa inakuja, mazungumzo hayo yanaahirishwa, na anayefaidika na kuahirishwa huko ni dalali.

Limebaki suala la haki, na ndilo linalonikosesha utulivu. Sheria ya Taifa ya Afya ya Afrika Kusini, namba 61 ya mwaka 2003, inakataza kuuza tishu ya mtu. Anayetoa hurudishiwa gharama zake tu. Katazo hilo ni zuri, na yaliyotokea Berea yanaeleza kwa nini. Lakini sheria hiyo iliandikwa kwa kuifikiria tishu iliyokatwa mwilini. Seli za pafu la mama wa Umlazi zikizidishwa, zikachanganywa na jeli, zikawa kipimo cha dawa ambacho kampuni ya nje inakilipia, mama huyo hana chake, na huenda, dawa ikitoka, zahanati ya mtaani kwake iwe ya mwisho kuipata. Marekani imeshapita njia hiyo kwa seli za Henrietta Lacks, zilizochukuliwa 1951 bila ridhaa yake. Ukoo wake ulifikia makubaliano na kampuni ya Thermo Fisher mwaka 2023, miaka 72 baadaye.

Sidai wagonjwa walipwe kwa kipande cha pafu; malipo yangeturudisha kwa madalali. Nadai kwamba fomu ya ridhaa inayotiwa saini kabla ya upasuaji iseme kwa Kizulu kinachoeleweka, na kwetu kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwamba seli zinaweza kuzidishwa na kutumiwa na makampuni, na kwamba dawa itakayopatikana kwa msaada wa seli hizo itasajiliwa na kuuzwa kwa bei nafuu katika nchi zilizotoa tishu kabla ya kwingine kokote. Sharti hilo halihitaji sheria mpya ya bunge. Fomu hizo hupitiwa na kamati za maadili kila utafiti unapoanza. Wajumbe wa kamati hizo mlioko Durban, Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, ombi langu kwenu ni moja: fomu isiyo na kifungu hicho irudisheni.